Nyuzi 32 za Pwani si nyuzi 32 za Dodoma

Ukitaka kujua kama kaskazi, upepo wa msimu wa joto, imekaa sawasawa pwani, anza jikoni. Fungua kopo la chumvi. Ile iliyokuwa ikimiminika yenyewe mwezi Agosti sasa imeshikana, unaichimba kwa ncha ya kijiko. Kiberiti hukwaruzwa mara tatu ndipo kiwake. Shuka zilizoanikwa asubuhi, hadi alasiri pindo zake bado zina unyevu, na ukizikunja hivyo hivyo zitanuka uvundo kabatini. Kipimajoto kinasema nyuzi 32. Ndugu yako aliye Dodoma anapiga simu, naye kwao ni nyuzi 32, na hakuelewi unapomwambia hujalala siku tatu kwa fukuto.

Hakuelewi kwa sababu namba ni moja lakini mambo ni mawili. Na namba hiyo hiyo ndiyo inayotawala kila tunapozungumzia utabiri wa msimu wa joto. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, Idara ya Hali ya Hewa Kenya na kituo cha kikanda cha utabiri wa tabianchi, ICPAC, kilichoko karibu na Nairobi, hutoa taarifa za mwelekeo wa miezi inayofuata, zenye ramani na maelezo ya kurasa kadhaa. Baada ya siku mbili, kwenye makundi ya WhatsApp imebaki sentensi moja: "Mwaka huu joto litakuwa juu ya wastani." Watu hushtuka, kaskazi hupita, mmoja anasema wamekosea, mwingine anasema wamepatia, na kilichoandikwa hakuna aliyekisoma. Nimekaa pwani maisha yangu yote na jambo hili linaniuma. Taarifa zile ni nzuri kuliko tunavyozitumia. Lakini pia zina pengo ambalo gharama yake huangukia watu wa pwani: zinasema mengi kuhusu mvua na joto la mchana, na machache kuhusu unyevu na usiku.

Mtungi wa maji unalieleza jambo hili vizuri kuliko ramani. Mtungi wa udongo hupoza maji kwa kutoka jasho. Maji hupenya taratibu kwenye vitundu vya udongo, yakifika nje yanageuka mvuke, na ili yageuke mvuke yanahitaji joto. Joto hilo huchotwa kwenye mtungi wenyewe na maji yaliyomo. Sasa, hewa ikiwa tayari imebeba mvuke mwingi, hupokea mwingine kwa shida. Dodoma mwezi Novemba, kabla mvua hazijashika, penye nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 30, maji ya mtungi yanaweza kushuka hadi karibu na nyuzi 20. Upeleke mtungi ule ule Tanga mwezi Machi, nyuzi 32 zile zile lakini unyevu asilimia 63, na hata ukiuweka kivulini penye upepo hautashuka chini ya nyuzi 26. Bibi yangu kule Pangani alikuwa na mtungi nyuma ya mlango wa uani, na ikifika Machi alikuwa akisema mtungi umechoka. Alikuwa sahihi kuhusu maji, ila lawama alimpa asiyestahili. Hewa ndiyo iliyokuwa imeshiba.

Mwili wa mtu ni mtungi. Ngozi hukaa kwenye nyuzi kama 35, ndani mwili hujilinda ubaki 37, na hewa inapokuwa ya moto, kazi kubwa ya kutoa joto linalozidi huangukia jasho. Lita moja ya jasho ikikaukia yote mwilini huondoka na joto linalotosha kuchemsha sufuria yenye lita 8 za maji. Sharti ni kwamba ikaukie mwilini. Jasho linalotiririka mgongoni na kudondoka sakafuni halikupoza chochote. Umepoteza maji na chumvi bure. Ndiyo maana pwani mtu anaweza kulowa chapachapa na bado akahisi anaungua, na ndiyo maana wa Dodoma, ambaye jasho lake hukauka kabla hajaliona, hudhani hatoki jasho kabisa.

Kuna jedwali la Kimarekani linalounganisha joto na unyevu ambalo linasaidia kupata picha. Nyuzi 32 penye unyevu wa asilimia 40 mwili huzihisi kama 33. Penye unyevu wa asilimia 70, mwili huzihisi kama 41. Kipimo kingine, na mimi ndicho ninachokipenda, ni kile cha mtungi wenyewe: kipimajoto ambacho tumbo lake limevishwa kitambaa chenye maji. Ukipita karibu na kituo cha hali ya hewa utaona kibanda cheupe cha mbao chenye mbavu za kupitisha upepo. Ndani yake, kwa desturi ya miaka mingi, husimama vipimajoto viwili ubavu kwa ubavu, kimoja kikavu na kimoja kibichi. Mwaka 2010 watafiti Steven Sherwood na Matthew Huber walionyesha kwamba kipimajoto kibichi kikifika nyuzi 35, hata mtu mwenye afya aliyeketi kivulini penye upepo hawezi tena kupoa, na akikaa humo saa kadhaa atakufa. Majaribio yaliyofanywa baadaye Marekani kwa vijana wenye afya yameonyesha mwili huanza kushindwa mapema zaidi, karibu na nyuzi 31. Machi yetu ya pwani hucheza kwenye 26 hadi 28. Hatujafika ukingoni, ila nafasi iliyobaki ni nyembamba kuliko 32 ya kipimajoto kikavu inavyokufanya udhani. Na kuli anayebeba magunia, au mama lishe aliyeinamia jiko la mkaa, anaongeza joto lake mwenyewe juu ya hilo la hewa.

Hapo kuna mtego mmoja unaowanasa wengi, hata watangazaji. Utasikia asubuhi redioni: "Unyevu hewani ni asilimia 94." Saa 8 mchana wanasema umeshuka hadi asilimia 63, na msikilizaji anadhani hewa imekauka. Haijakauka. Mvuke uliomo ni ule ule. Asilimia hiyo hupima jinsi hewa ilivyojaa kwa kulinganisha na inachoweza kubeba, na hewa ya moto hubeba zaidi, karibu asilimia 7 kwa kila nyuzi moja inayoongezeka. Alfajiri penye nyuzi 25 chombo ni kidogo na kimejaa. Mchana penye nyuzi 32 chombo kimepanuka, kilichomo hakijapungua. Namba isiyodanganya ni kiwango cha umande, yaani nyuzi ambazo kitu chochote kikipoa hadi hapo kitaanza kulowa. Pwani mwezi Februari na Machi kiwango hicho hukaa kwenye 24 au 25. Ndiyo maana chupa ya soda ikitoka kwenye friji hulowa mara moja na kuacha duara la maji mezani, na mwenye miwani akitoka kwenye ofisi yenye kiyoyozi anasimama mlangoni haoni kitu. Laiti taarifa zetu zingetaja kiwango cha umande kila siku, watu wangezoea ndani ya mwezi mmoja kama walivyozoea nyuzi joto.

Sasa usiku. Hili ndilo ninalotaka lisomwe kuliko mengine yote. Bahari huuzuia mchana wa pwani usipande sana. Dar es Salaam ni nadra kupita 34 au 35, wakati nchi kavu zisizo na bahari hupita 40 bila shida. Lakini bahari hiyo hiyo huuzuia usiku usishuke. Maji hupokea joto taratibu na kulitoa taratibu, na mvuke uliojaa hewani hukaa juu yetu kama blanketi, unarudisha chini joto ambalo ardhi inajaribu kulitoa kwenda angani. Februari mchana ni 32 au 33, usiku ni 25. Tofauti haifiki hata nyuzi 10. Na hiyo 25 ni ya kituo cha uwanja wa ndege, penye majani na nafasi. Ndani ya chumba cha matofali ya saruji, chini ya bati lililopigwa na jua siku nzima, dirisha moja, watu wanne, saa 5 usiku si 25.

Mwili huvumilia mchana mgumu kama utapata usiku wa kupumzika. Moyo hupunguza kasi, maji yanarudi, usingizi unafanya kazi yake. Usiku ukikosa kupoa kwa siku tano, sita, mfululizo, deni linajilimbikiza, na hulipwa kwanza na wazee, watoto wachanga, wajawazito, wenye presha na kisukari. Duniani kwa jumla usiku umekuwa ukipata joto kwa kasi kuliko mchana katika sehemu nyingi, na Dar es Salaam, iliyohesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni 5 kwenye sensa ya 2022, imefunika kwa saruji na lami maeneo ambayo yalikuwa minazi na mabonde. Kwa hiyo nikipewa taarifa ya msimu, swali langu la kwanza ni usiku utapoa au hautapoa.

Halafu kuna swali la lini. Watu wengi hudhani kilele cha joto ni Desemba, kwa kuwa ndipo jua linapofika kusini kabisa. Lakini tazama safari yenyewe ya jua. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini ya ikweta, hivyo jua hupita utosini mara mbili: mara ya kwanza karibu tarehe 10 Oktoba likiwa linakwenda kusini, mara ya pili karibu tarehe 3 Machi likiwa linarudi. Mombasa, iliyo nyuzi 4 kusini, hupata yake wiki moja kabla katika Oktoba na wiki moja baadaye katika Machi. Jua la Oktoba linakuta bahari bado ina ubaridi wa kusi, ule upepo wa kusini wa katikati ya mwaka. Mwezi Agosti maji yalikuwa kwenye nyuzi kama 25. Jua la Machi linakuta bahari iliyoota jua miezi minne, maji yako 29 au 30. Na kuna upepo. Kaskazi ya Desemba na Januari huvuma kwa nguvu na kwa kutulia, inakausha jasho, inapeperusha mapazia. Kufikia mwisho wa Februari inaanza kuchoka. Upepo unakatika, unageuka, unarudi, hauna mwelekeo, ndiyo maleleji. Jua liko utosini, bahari imefikia kilele, na upepo umekufa, yote matatu katika wiki zile zile. Fukuto la pwani huzaliwa hapo, kabla masika hayajafungua mawingu.

Utabiri wa siku na utabiri wa msimu ni vitu viwili, na kuvichanganya ndiko kunakozaa manung'uniko mengi. Mtu huuliza, kwa haki kabisa: kama hawana uhakika wa Jumapili ya wiki ijayo, wanawezaje kusema habari za miezi mitatu? Mwaka 1961 Edward Lorenz, akiendesha hesabu za hali ya hewa kwenye kompyuta, aliingiza upya namba iliyopunguzwa tarakimu chache za mwisho, na hali ya hewa aliyoipata ikaachana kabisa na ya kwanza. Hewa ina tabia hiyo: kosa dogo la leo huwa kubwa baada ya wiki mbili hivi, na baada ya hapo huwezi kusema lolote la maana kuhusu siku fulani.

Lakini nahodha wa jahazi la kutoka Sur au Muscat, kule Oman, naye hakujua Jumanne itakuwaje. Alijua kaskazi itamleta Lamu, Mombasa na Unguja, na kusi itamrudisha, na kwa ujuzi huo tu akaweka rehani mali na maisha yake. Watu wetu walihesabu mwaka wa jua kuanzia Siku ya Mwaka, ile ambayo watu wa Makunduchi, Unguja, bado wanaiadhimisha mwezi Julai kwa Mwaka Kogwa, wakaugawa kwa miongo, mafungu ya siku kumi kumi, na kwa miongo hiyo wakajua lini kupanda na lini kutweka tanga. Inanifurahisha kwamba hadi leo taarifa za hali ya hewa kwa wakulima hutolewa kwa siku kumi kumi vilevile. Utabiri wa msimu ni wa ukoo huo wa nahodha. Unaangalia kitu kinachobadilika polepole, yaani joto la bahari, na kuuliza kinausukuma msimu upande gani.

Ndipo tunafika kwenye "juu ya wastani". Chukua miaka 30, kuanzia 1991 hadi 2020. Joto la Februari la kila mwaka liandike kwenye kadi yake, kisha zipange kadi zote kuanzia ya baridi hadi ya moto na uzigawe mafungu matatu ya kadi kumi kumi. Fungu la chini ni "chini ya wastani", la kati ni "wastani", la juu ni "juu ya wastani". Kama huna taarifa yoyote, kila fungu lina nafasi ya theluthi moja. Wataalamu wakisema, kwa mfano, kuna uwezekano wa asilimia 50 wa kuwa juu ya wastani, maana yake bahari imeliongezea fungu la juu nafasi kupita theluthi yake. Asilimia 50 nyingine bado ziko kwenye mafungu mawili yaliyobaki. Na angalia kitu kingine: kadi ya 21 na kadi ya 30 ziko fungu moja. Neno "juu" halikuambii juu kiasi gani. Anayesema "walisema joto litazidi kwa nyuzi tatu" amejitungia mwenyewe.

Zaidi ya hapo, wastani wenyewe unapanda. Kila baada ya miaka kumi dirisha la miaka 30 husogezwa mbele, na miaka ya moto zaidi huingia kwenye hesabu. Mwaka ambao babu angeuona wa ajabu, sisi tunaambiwa ni wa kawaida. Na kwa kuwa dunia inaendelea kupata joto (2024 ulikuwa mwaka wa moto kuliko yote iliyopimwa, na wa kwanza kuvuka nyuzi 1.5 juu ya kiwango cha nusu ya pili ya karne ya 19) ramani ya joto ya Afrika Mashariki hupakwa rangi nyekundu karibu kila msimu. Nyekundu hiyo peke yake si habari tena. Habari iko kwenye ukubwa wa asilimia, na kwenye sababu iliyotajwa chini ya ramani, ile aya ambayo watu huiruka.

Sababu hizo kwa kawaida ni mbili, na ni bahari zote mbili. Ya kwanza ni El Nino, kupanda kwa joto la maji ya Pasifiki ya kati na mashariki, mbali kabisa na sisi. Ya pili iko mlangoni kwetu: Daipoli ya Bahari ya Hindi, mizani yenye sahani mbili, moja upande wa Afrika na nyingine upande wa Sumatra. Sahani yetu ikipata maji ya moto na ya Sumatra ikapata baridi, mvua za vuli huja kwa nguvu. Mwaka 1997 zote mbili zilikuja pamoja, na mafuriko yake bado yanasimuliwa. Mwaka 2015 El Nino ilikuwa kubwa kama ile, watu wakajiandaa kwa gharika, lakini Bahari ya Hindi haikuifuata vile, na mvua hazikufikia za 1997. Mwaka 2019 Daipoli ilifanya kazi karibu peke yake na tukafurika. Mwaka 2023 zilikutana tena. Kwa hiyo anayenitajia El Nino bila kunitajia bahari yetu amenipa nusu ya barua.

Kwa msimu wa joto kuna jambo la ziada ambalo halisemwi vya kutosha. El Nino hufikia kilele chake karibu na Desemba, lakini joto lake huifikia Bahari ya Hindi kwa kuchelewa, miezi mitatu au minne baadaye. Maji yetu hupata moto zaidi kati ya Februari na Mei, yaani pale pale ambapo jua liko utosini na upepo umekatika. Ukisikia El Nino mwezi Novemba, watu wote hufikiria mafuriko. Mtu wa pwani afikirie pia Machi. Mwaka 1998, 2016 na 2024, yote miaka inayofuata El Nino kubwa, ndiyo ambayo matumbawe yalipauka kwa wingi katika bahari za joto. La Nina, dada yake wa kinyume, hutuletea shida ya aina nyingine: vuli hafifu, anga wazi, visima kukauka. Mwaka 2022, wa tatu mfululizo wa La Nina, mto Ruvu ulipungua hadi Dar es Salaam ikagawiwa maji kwa zamu. Joto bila maji ya kuoga nalo ni msiba.

Ndani ya msimu wenyewe kuna vijukuu vya hali ya hewa vinavyoweza kubadili wiki mbili tatu. Kuna wimbi la mawingu linalozunguka ikweta kwa siku 30 hadi 60, lililoelezwa mwaka 1971 na Roland Madden na Paul Julian; likipita Bahari ya Hindi unaweza kupata mvua katikati ya kaskazi, na anayedhani utabiri umeharibika amekosea. Na kuna vimbunga vya huko Msumbiji na Madagaska, ambavyo huvuta upepo na unyevu kuelekea kwavyo. Mwaka 2019 kimbunga Idai kilipoipiga Beira mwezi Machi, masika huku kwetu yalichelewa kuanza.

Wanaoisoma bahari kwa karibu kuliko chombo chochote ni akina mama wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani, Unguja. Kilimo hicho kilianza huko mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa aina mbili, spinosamu na kotoni. Kotoni ndiyo yenye bei nzuri, nayo ndiyo isiyovumilia maji ya moto: mashina yanageuka meupe, yanalainika, yanakatika kwenye kamba na kuelea. Maji ya ufukweni yasiyofika magotini, jua la saa 7 mchana likiyapiga wakati wa maji kupwa, hupata joto kupita bahari kuu kwa nyuzi kadhaa. Wengi walilazimika kuiacha kotoni na kubaki na spinosamu ya bei ndogo. Kwao utabiri wa joto la bahari wa Februari unaamua wafunge kamba ngapi, na nadhani wanastahili kuupata kwa lugha yao na kwa wakati, kama mkulima wa mahindi anavyopata wa mvua.

Nyumba nazo zina elimu yake. Ukiingia nyumba ya mawe ya Mji Mkongwe saa 8 mchana utahisi umeshuka ngazi moja ya joto. Kuta zake za mawe ya matumbawe na chokaa ni nene, dari ni refu, na kichochoro chenyewe ni chembamba kiasi kwamba jua hupata nafasi ya dakika chache tu. Paa la makuti nalo hupumua. Bati halipumui, na tofali la saruji huhifadhi joto la mchana na kulitoa usiku ukiwa umelala. Asiye na uwezo wa kubadili paa anaweza kufunga madirisha ya upande wa jua mchana na kuyafungua yote jua likizama, na kupaka bati rangi nyeupe. Feni inasaidia kweli pwani, kwa kuwa hewa yetu haizidi joto la mwili; ukijilowesha kwanza kwa kitambaa cha maji inasaidia mara mbili, kwa sababu umerudi kuwa mtungi.

Miaka hii Ramadhani imeingia humo humo ndani ya kaskazi. Mwaka 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi, na kila mwaka hurudi nyuma kwa siku kama 11, kwa hiyo kwa miaka kadhaa mfungaji wa pwani atakuwa kwenye kipindi hiki cha moto. Anayefanya kazi ya jua na amefunga apange kazi nzito ianze saa 12 asubuhi na imalizike kabla ya saa 5, na kati ya futari na daku anywe maji kidogo kidogo, asiyagugumie yote mara moja. Na kwa mtu yeyote, amefunga au hakufunga: kizunguzungu, maumivu ya kichwa, misuli kukaza, hayo ni maonyo, apelekwe kivulini, anywe, apumzike. Akianza kuongea maneno yasiyoeleweka, au kuanguka, na mwili unawaka, hicho ni kiharusi cha joto. Mvueni nguo za juu, mlowesheni mwili mzima kwa maji, mpepeeni, huku mwingine anatafuta gari la kumkimbiza hospitali. Msimlazimishe kunywa akiwa hajitambui, na msisubiri apate nafuu nyumbani.

Taarifa ijayo ikitoka, mimi huanza na aya ya bahari: maji ya magharibi ya Bahari ya Hindi yanatarajiwa kuwaje Februari na Machi. Kisha natafuta upepo, kaskazi inatarajiwa kuwa na nguvu au hafifu. Kisha kiwango cha chini cha joto, ambacho ndicho usiku. Mvua za masika zikitajwa kuchelewa, naongeza wiki hizo kwenye hesabu ya fukuto. Joto la mchana nalisoma mwisho.

Na nina kipimajoto cha bei ndogo kilichovishwa kipande cha pamba, chini yake kikombe cha maji, kimetundikwa barazani mbali na ukuta. Kila saa 4 usiku naandika namba yake kwenye daftari la shule. Machi huganda kwenye 25, usiku baada ya usiku. Wakati wa masika namba hiyo huyumba. Kisha, mwezi Mei au Juni, usiku mmoja hushuka hadi 22, asubuhi upepo unatoka kusini, na chumvi inaanza kuachana kwenye kopo.